Hongo ya Maji: Kambi za Misafara Katika Ugogo



Likizo ya Pasaka ikikaribia, vijana wa shule hufunga mizigo yao, wakapanda vilima vya Dodoma na kulala mahemani siku mbili tatu. Wakati huo umechaguliwa vema. Mvua zetu, ambazo kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 550 hadi 600 tu, huanza Desemba na kwisha Aprili. Kwa hiyo Pasaka malambo yamejaa, na mchanga wa makorongo ukifukuliwa kidogo hutoa maji. Nendeni huko huko Oktoba, mtaona nchi nyingine kabisa.

Jambo hilo lilijulikana sana kwa watu waliolala hapa kabla yetu, yaani wapagazi wa misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Tabora. Wanyamwezi, ambao ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo, walipenda kushuka pwani baada ya mavuno na kurudi kwao kabla ya msimu wa kulima. Wazungu hawakuwa na uchaguzi huo daima. Stanley alipita Mpwapwa mwezi Mei 1871, mvua zikiwa zimekwisha karibuni. Burton na Speke waliingia Ugogo mwezi Septemba 1857, wakati wa kiangazi kikali.

Sehemu ya kutisha ilikuwa kati ya Chunyo, magharibi ya Mpwapwa, na vijiji vya Mvumi. Pori hilo liliitwa Marenga Mkali, yaani maji makali, na upana wake, kwa hesabu ya Stanley, ulizidi maili 30. Maji ya kunywa hayakuwamo. Wapagazi walilivuka kwa mwendo ulioitwa tirikeza: watu hupika, hula na kunywa mchana, hujaza vibuyu, huondoka alasiri, hutembea hadi usiku, hulala bila kupika, kisha alfajiri huondoka tena ili wafike kwenye maji kabla jua halijawa kali. Mwanafunzi anayelalamika kwamba mzigo wake una uzito wa kilo kumi na akumbuke kwamba mpagazi alibeba mara tatu ya huo, na juu yake chakula chake na kibuyu.

Wakishafika Mvumi, hongo. Neno hili limepata bahati mbaya. Sisi watumishi wa Serikali tunalijua kwa maana ya rushwa, na mtu akilitaja ofisini watu hutazamana. Zamani lilikuwa jina la ada iliyotolewa hadharani kwa mtemi wa nchi, kwa doti za merikani na kaniki, shanga na nyaya, baada ya mabishano yaliyoweza kuchukua siku nzima. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwamba ni unyang'anyi, na vitabu vingi vya shule vikarudia maneno yao.

Mimi sikubaliani nao. Tufikiri kidogo. Visima vya Ugogo vilichimbwa kwa mikono ya wenyeji katika mchanga wa makorongo, na vilitosha watu wa kijiji na ng'ombe wao. Msafara wa watu mia kadhaa, pamoja na punda, uliweza kukausha kisima kwa usiku mmoja. Nafaka waliyonunua ilikuwa akiba ya watu ambao mvua ikikosekana mwaka mmoja hufa njaa. Mtemi aliyedai nguo alikuwa akitoza bei ya maji na chakula cha watu wake.

Yaliyofuata yanaonyesha kwamba ada hiyo haikuwa ya mchezo. Mwaka 1890 Carl Peters, badala ya kulipa, alichoma vijiji vya Wagogo na kupora ng'ombe. Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga boma Mpwapwa mwaka 1889, na baada ya muda hongo ikafa. Vita vya 1914 vilipokuja, majeshi ya Kijerumani, na baadaye ya Kiingereza, yalichukua nafaka, mifugo na wapagazi bila kuuliza kama kijiji kinaweza. Mvua nazo zikakosekana. Ndipo ikaja njaa ambayo Wagogo huiita Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Watu walikufa kwa maelfu, na wengine walihama nchi. Siyo haki kusema ni ukame tu uliowaua.

Safari ya Pasaka ijayo naomba ianzie Mpwapwa, wanafunzi watembee hadi Chunyo na kulala huko usiku mmoja. Kibali kiombwe mapema kwa mwenyekiti wa kijiji, na fedha ya maji iandikwe katika makisio pamoja na ya unga na maharage.