Mfereji na Chuo Kikuu: Juu ya Kujenga Chini ya Mlima Meru

Siku hizi likitajwa neno la chuo kikuu kisichodhuru mazingira, wengi hudhani kuwa ni jambo lililozuliwa jana ughaibuni. Sisi twaona kwamba katika nchi ya Meru jambo hilo lina historia ndefu, tena yenye machungu, na mchoraji asiyeijua atachora vibaya hata akiwa na elimu tele.

Tuanze na maji. Mlima Meru, wenye kimo cha mita zipatazo 4,560, huipa mvua nyingi miteremko yake ya kusini na mashariki, na kuinyima ile ya kaskazini na magharibi. Mito ya upande wenye neema, kama Themi, Nduruma, Tengeru na Usa, Waarusha na Wameru waliichepusha kwa mifereji iliyofuata mwinamo wa ardhi, wakanywesha migomba yao. Mfereji ule haukuwa mtaro mtupu. Ulikuwa na wazee wake, zamu zake, siku zake za kuzibuliwa kwa pamoja, na faini kwa asiyetokea. Mwenye shamba la juu hakufungua maji apendavyo, kwa maana wa chini naye alikuwa na zamu yake. Ndani ya kihamba miti mirefu ilifunika migomba, migomba ikafunika kahawa tangu ilipoingia, na samadi ya ng'ombe wa zizini ikarudi shambani. Huo ulikuwa mpango, ijapokuwa haukuandikwa kwenye karatasi.

Mpango wa karatasi ulikuja na wageni. Tangu enzi ya Wajerumani, mashamba ya walowezi yalipimwa kuuzunguka mlima kama pete, yakawatenga wenyeji na malisho ya tambarare. Kisha Waingereza, baada ya tume ya Jaji Mark Wilson ya miaka ya 1940, waliamua kuinyosha ramani ili ardhi ya walowezi baina ya Meru na Kilimanjaro iwe kipande kimoja. Ramani ilikuwa safi kabisa. Mnamo Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kulieleza shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Basi asishangae mtaalamu wa leo akiona wazee wakinyamaza pindi anapokunjua michoro yake barazani. Wamewahi kuona karatasi zilizonyooka.

Katika miteremko hiyohiyo ndipo vyuo vilipojengwa. Tengeru, karibu na ziwa Duluti, palikuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi tangu 1942, nao walifikia yapata 5,000. Waliishi katika vijumba vya mviringo vilivyoezekwa kwa majani, wakawa na shule, hospitali, kanisa na mashamba. Walipotawanyika, mahali pale pakawa pa mafunzo ya kilimo na mifugo, na makaburi yao yangalipo. Mwaka 1954 chuo cha theolojia cha Walutheri kilihamia Makumira, si mbali na hapo. Mwisho ikaja Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011 na kufunguliwa rasmi na Rais Jakaya Kikwete Novemba 2012.

Je, kampasi mahali kama hapa ijengweje? Wengi hukumbuka Mlimani, Dar es Salaam, ambako chuo kilihamia mwaka 1964 kutoka mtaa wa Lumumba. Pale majengo yalifunguliwa pande mbili ili upepo upite, nalo lilikuwa jambo la busara kwa joto la pwani. Lakini ukiyahamisha majengo hayo hadi Tengeru, wanafunzi watatetemeka mwezi Julai, mawingu yanapoukalia mlima kutwa. Huku kuta nene za mawe au matofali zahitajika, zihifadhi joto la mchana hata usiku. Jambo moja tu ni sawa kwa miji yote miwili: kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, kwa sababu jua la asubuhi na la alasiri hupiga chini chini kutoka mashariki na magharibi. Sisi tuliozoea maofisi tumepata kuona chumba cha vioo vitupu upande wa magharibi, ambamo watumishi walibandika magazeti madirishani ili waweze kusoma mafaili.

Ugumu mkubwa ni maji ya kunywa. Miamba ya volkano ya Meru huyatia maji floridi. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, ilhali visima na chemchemi nyingi za huku hupita kipimo hicho, na ushahidi u katika meno ya kahawia ya watoto na mifupa iliyopinda. Kwa hiyo kuchimba kisima hakumalizi neno. Mwaka 2015 Askwar Hilonga, mhadhiri wa taasisi hiyo ya Tengeru, alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi kwa chujio lake la maji. Lakini mvua haina floridi ya miamba, na paa la mita za mraba 1,000 hupokea lita 1,000 kwa kila milimita ya mvua. Paa basi lihesabiwe kuwa ni chanzo cha maji, na tangi lichorwe pamoja na darasa, lisije likabandikwa baadaye kama kiraka.

Na maji machafu je? Yaweza kusafishwa katika mabwawa yaliyopandwa matete, ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameyashughulikia kwa miaka mingi. Tungependa mchoraji wa kampasi ijayo, kabla hajapima hatua ya kwanza, aketi na wazee wa mfereji wa mahali pale, aulize zamu ya Jumatano ni ya nani, kisha autembee mfereji ule kuelekea chini hadi shamba la mwisho. Maji ya Tengeru hayaishii hapo. Huingia Kikuletwa, yakafika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka huko yakashuka na mto hadi Pangani.