Salem, Mji wa Merikani

Wanaolitaja neno merikani si wachache, bali wanaokumbuka kuwa asili yake ni jina la nchi ni haba, na haba zaidi ni waujuao mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, ambao merikebu zake ziliileta nguo hiyo Unguja kwa wingi. Mapatano ya biashara baina ya Sayyid Said na Marekani yalitiwa sahihi mwaka 1833. Balozi mdogo wa kwanza, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mtu wa Salem.

Mgeni wa mji huo huongozwa kwanza pwani, akaonyeshwa gati la Derby, lenye urefu wa nusu maili hivi, na jumba la Forodha la mwaka 1819. Serikali imepahifadhi hapo tangu 1938, na ni vema. Ila hapo tutamwona tajiri na nahodha tu. Atakaye kumjua mfanyakazi hana budi kwenda ng'ambo ya pili, penye kiwanda cha Naumkeag.

Kampuni hiyo iliundwa 1839, na mitambo yake ikaanza kufuma 1847. Viwanda vingi vya nchi ile viliendeshwa kwa nguvu ya maporomoko ya mito. Salem haina maporomoko, ina bandari. Basi makaa ya mawe yaliletwa kwa merikebu, na mitambo ikaenda kwa mvuke. Pamba yenyewe ilitoka majimbo ya kusini, ilikolimwa na watumwa. Kwa hiyo jora lililotolewa hongo katika njia ya Tabora, au lililonunua pembe, lilikuwa limekwisha beba jasho la watumwa wa bara jingine. Jambo hili gati la Derby halilisemi.

Sandarusi ya Mrima nayo ilipelekwa Salem ingali na ganda la mchanga, ikaoshwa huko kabla ya kuuziwa watengenezaji wa vanishi, mpaka ushuru wa 1861 ulipoiua kazi hiyo. Mwaka huo huo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaikatiza pamba, na nguo za Manchester na Bombay zikapata nafasi.

Tarehe 25 Juni 1914 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji pamoja na kiwanda. Kuta zionekanazo sasa, kwa hiyo, si zile zilizofuma merikani ya karne iliyotangulia, bali ni za kiwanda kilichojengwa upya baada ya moto. Nacho kilifungwa 1953, na vyumba vyake vikapangishwa.