Kutangaza kwenye Google kwa bajeti ndogo: mwongozo kwa wasafirishaji na wafanyabiashara wa mipakani

Mfanyabiashara mwenye malori mawili, au mwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, anaweza kutangaza kwenye Google kwa dola 3 kwa siku na akapata wateja. Anaweza pia kumaliza fedha hizo bila kupokea simu hata moja. Mara nyingi tofauti haitokani na ukubwa wa bajeti, bali na jinsi tangazo lilivyobanwa: njia ipi, watu wa wapi, maneno gani na saa ngapi.

Mfumo unavyofanya kazi

Google ilianzisha huduma hii Oktoba 2000 kwa jina la AdWords, ikiwa na watangazaji 350. Tangu Julai 2018 inaitwa Google Ads. Mtangazaji wa kawaida hulipa pale tu tangazo lake linapobofywa.

Kila mtu anapoandika maneno ya kutafuta, mnada hufanyika papo hapo. Mshindi si lazima awe mwenye dau kubwa. Mfumo hupima pia uwezekano wa tangazo kubofywa, uhusiano wake na maneno yaliyotafutwa, na ubora wa ukurasa ambao mteja anafikishwa. Aidha, anayeshinda hulipa kiasi kinachotosha kushika nafasi yake, ambacho mara nyingi ni pungufu ya dau lake la juu. Ndiyo maana mwenye mtaji mdogo anayejibu hasa swali la mteja anaweza kukaa juu ya kampuni kubwa inayotangaza kila kitu kwa pamoja.

Njia moja kwanza

Chukulia msafirishaji wa Dar es Salaam anayepeleka kontena Lubumbashi kupitia Tunduma, Zambia na Kasumbalesa. Akinunua neno "usafirishaji" peke yake, atalipia watafuta kazi, wanafunzi na abiria wa mabasi. Akinunua "kusafirisha kontena Dar es Salaam Lubumbashi", watakaoona tangazo watakuwa wachache, lakini wengi wao wana mzigo.

Yapo makundi matatu ya ulinganishaji wa maneno. Ulinganishaji mpana huiruhusu Google kuonyesha tangazo hata kwa mada zinazokaribiana, na ndio unaotumika mfanyabiashara asipochagua. Ulinganishaji wa kifungu, unaoandikwa ndani ya alama za kunukuu, huhitaji utafutaji ubebe maana ya kifungu hicho. Ulinganishaji halisi, unaoandikwa ndani ya mabano ya mraba, huhitaji maana iwe ileile. Kwa bajeti ya dola 3 ni vyema kuanza na haya mawili ya mwisho.

Lugha nayo ni muhimu. Mteja wa Lubumbashi anaweza kutafuta "transitaire Dar es Salaam" kwa Kifaransa, na wa Ndola akatafuta kwa Kiingereza. Kila lugha iwe na kundi lake la maneno, tangazo lake na ukurasa wake. Anayebofya tangazo la Kifaransa akakuta ukurasa wa Kiswahili kitupu huenda akaondoka, na bofyo limeshalipiwa.

Vilevile iandaliwe orodha ya maneno ya kuzuia, kama vile "kazi", "ajira", "nauli", "basi" na "bure". Mfumo hauzuii visawe vya neno lililowekwa. Aliyezuia "kazi" bado anapaswa kuongeza "ajira".

Mahali na saa

Kampeni mpya huja na mipangilio ambayo si rafiki kwa bajeti ndogo. Upande wa mahali, mfumo huonyesha tangazo kwa walio katika eneo lililochaguliwa pamoja na wanaoonyesha kuvutiwa na eneo hilo hata wakiwa nchi nyingine. Anayetaka wateja walioko Congo na Zambia achague waliopo huko tu. Pia azime tovuti washirika na mtandao wa matangazo ya picha, ili fedha zote ziende kwa wanaotafuta kwenye Google yenyewe.

Tangazo lionyeshwe saa ambazo kuna mtu wa kupokea simu. Ratiba hufuata saa ya akaunti, na Lubumbashi iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja: saa 2 asubuhi Dar es Salaam ni saa 1 Lubumbashi. Namba ya simu iandikwe na msimbo wa nchi, mfano +255, kwani mteja yuko ng'ambo ya mpaka.

Hesabu ya bajeti

Kiwango cha siku ni wastani. Siku moja Google inaweza kutumia hadi mara mbili yake, lakini kwa mwezi haivuki mara 30.4. Kwa dola 3 kwa siku, siku nyingine zinaweza kwenda dola 6, na mwezi utaishia dola 91.20.

Mfano wa hesabu: kila bofyo likigharimu senti 30 za dola, fedha hizo hununua mabofyo 304. Ikiwa katika kila mabofyo 30 mtu mmoja anapiga simu, simu zitakuwa 10. Ikiwa katika kila wapigaji watano mmoja anatoa mzigo, mizigo ni miwili, na kila mmoja umegharimu dola 45.60 za matangazo. Msafirishaji anayebakiwa na dola 40 kwa safari, baada ya mafuta, tozo za barabara na posho ya dereva, anapata hasara ingawa simu zinaita. Anayebakiwa na dola 200 ana sababu ya kuendelea.

Kwa hiyo kinachohesabiwa ni mizigo, si mabofyo. Njia rahisi ni kutenga laini moja ya simu kwa ajili ya tangazo pekee na kuandika daftarini kila anayepiga, anakotoka, na kama alitoa mzigo. Mara moja kwa wiki ifunguliwe ripoti ya maneno ambayo watu waliyaandika hasa. Yasiyohusika yahamishiwe kwenye orodha ya kuzuia.

Mambo ya kuchunga

Akaunti iwe kwa jina la mwenye biashara. Mtaalamu wa kuajiriwa apewe ruhusa ya kuingia tu, kwani akiifungua kwa jina lake anaweza kuondoka na kumbukumbu zote. Sarafu ya akaunti ichaguliwe kwa makini, kwa sababu haibadilishwi baadaye.

Malipo yanaweza kufanyika kwa kadi. Nchini Kenya, tangu Juni 2022 huduma ya M-Pesa GlobalPay inatoa kadi ya Visa ya mtandaoni, ambayo humwezesha mtu kutenga fedha za kazi hiyo pekee.

Mfumo pia hutoa mapendekezo ya mara kwa mara, likiwemo la kuongeza bajeti. Mapendekezo yanayojitekeleza yenyewe yazimwe. Bajeti iongezwe pale tu daftari linapoonyesha kuwa mizigo iliyopatikana imelipa gharama zake na kubakiza faida.