Ithembo la Mutituni

Miji ya pwani ina sikukuu zilizovuma; hata asiyepata kufika Lamu amesikia habari za Maulidi ya Mfungo Sita, matari yapigwayo kwenye msikiti wa Riyadha, na umati wa watu wanaokwenda kulizuru kaburi la Habib Swaleh. Machakos haina bahari wala kaburi la walii, lakini ni kosa kudhani kwamba Wakamba, wenyeji wa vilima vya Iveti huko Machakos, hawakuwa na siku zao tukufu, zilizofuata majira, zenye mahali pake na watumishi wake.

Mahali penyewe paliitwa ithembo: kichaka cha miti mikubwa, aghalabu ya jamii ya mkuyu, ambamo haikuwa halali kwa mtu kukata tawi. Mvua zilipokaribia, na tena mavuno yalipowiva, wazee waliokabidhiwa amana hiyo, pamoja na wanawake watu wazima waliokwisha koma kuzaa, walikwenda huko na mbuzi, maziwa, pombe na nafaka. Damu ikamwagwa shinani, vyakula vikawekwa kidogo kidogo penye mizizi, na dua ikapelekwa kwa Mulungu na kwa aimu, roho za wahenga. Wanawake nao walicheza kilumi kwa ngoma nzito, hata baadhi yao wakapandwa na pepo. Gerhard Lindblom, mwanachuoni Mswidi aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliyaeleza mambo haya kwa uangalifu katika kitabu chake cha 1920, nasi tuna wajibu wa kumshukuru, kwa kuwa aliikuta desturi ingali hai.

Hai, ila imekwisha jeruhiwa. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya Malkia Victoria mwaka 1888, ilikuwa imejenga ngome Machakos katika njia ya misafara iendayo Uganda. Na mwaka 1891 maofisa wake, walipohitaji mlingoti wa bendera, waliukata mti wa ithembo la Mutituni. Sijui dharau iliyo kubwa kuliko hiyo, kwani mti ambao hata mjane mwenye baridi hakuthubutu kuuokotea kuni ulisimamishwa ngomeni kubeba kitambaa cha wageni. Nabii mwanamke, Syonguu, akawahimiza watu wa Iveti wapinge, wakapinga. Na ingawa nguvu za Kampuni zilishinda, uadui uliozaliwa siku zile haukuisha upesi.

Mwaka 1892 akaja John Ainsworth, afisa wa Kampuni hiyo, na Machakos ikawa makao ya utawala mpaka yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1899. Hayo husimuliwa kila mara. Majina ya mathembo ya Iveti, Mbooni na Kangundo husimuliwa mara chache mno, na wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka. Basi ewe msomaji uliye na babu au nyanya huko vilimani, nenda ukamuulize, na jawabu lake uliandike.