Chumvi ya Eyasi na Misuli ya Mchimbaji

Ikitajwa Bulyanhulu kila mtu hufikiria dhahabu. Juma hili mimi nataka tuzungumze juu ya chumvi, kwa maana zamani, kabla ya migodi, watu wa Usukuma walitembea siku nyingi kwa ajili ya chumvi.

Misafara yao ilielekea mashariki, ikakatiza pori hadi Ziwa Eyasi, kisha ikarudi na mizigo mabegani. Habari zake ziliandikwa mwaka 1938 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Upande wa magharibi, chemchemi za Uvinza zilitoa chumvi ya kupikwa kwa zaidi ya miaka 1,000.

Je, taabu yote hiyo ilikuwa ya kukoleza mchuzi tu? Hapana. Mtama na mahindi vina chumvi kidogo mno, na anayelima juani huitoa kwa jasho kutwa nzima.

Mwaka 1883 huko London, daktari Sydney Ringer alieleza jambo la ajabu. Moyo wa chura uliotolewa mwilini uliendelea kupiga ndani ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya bomba. Alipotumia maji yaliyoondolewa madini yote, ukalegea na kusimama. Kumbe maji ya bomba yalikuwa na kalsiamu, ile iliyomo katika chokaa!

Leo twajua zaidi. Sodiamu ikiingia katika chembe ya msuli na potasiamu ikitoka, hupita mshtuko mdogo wa umeme. Mshtuko huo huifungulia kalsiamu iliyohifadhiwa ndani, nayo ndiyo inayoukaza msuli. Ili msuli ulegee, kalsiamu lazima irudishwe ghalani, kazi inayohitaji nguvu na msaada wa magnesiamu.

Katika jasho, kinachopotea zaidi ni sodiamu. Mwaka 1923 Mwingereza K. Neville Moss aliandika juu ya wachimbaji wa makaa ya mawe katika migodi mirefu yenye joto. Walitoka jasho jingi, wakanywa maji matupu kwa wingi, kisha misuli ikawabana vibaya. Maji yalipotiwa chumvi kidogo, wakapata nafuu. (Si kila kubanwa kwa misuli ni upungufu wa chumvi, uchovu nao una sehemu yake.)

Pale Bulyanhulu wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996, na mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Lakini kwingineko Kahama na Geita vijana wangali wanashuka katika maduara na sururu, na dumu la maji matupu. Nionavyo mimi, mwenye duara anayehesabu kila mfuko wa mawe hashindwi kuwapa watu wake chakula chenye chumvi kabla ya kushuka. Sisemi mtu abugie chumvi, maana ikizidi huleta shinikizo la damu. Nasema irudishwe ile iliyotoka. Na kijana akianza kukakamaa tumbo na miguu, apandishwe juu kivulini, asiambiwe kwamba ni mvivu.