Paje, Zanzibar: kwa nini wenye wanajifunza kaiti wanaanzia pale

Upepo wa kiangazi wenye kuinua vumbi nyekundu katika barabara za Lubumbashi, toka mwezi wa tano mpaka wa nane, unatoka kusini-mashariki. Pwani ya Bahari ya Hindi wanajua upepo wa jamaa moja na ule, wanauita kusi. Huko Paje, kijiji cha kusini-mashariki mwa kisiwa cha Unguja, Zanzibar, kusi njo inaleta wageni wengi wanaotaka kujifunza mchezo wa kaiti.

Kaiti ni nini? Mtu anasimama juu ya ubao ndani ya maji, kiunoni amefunga mkanda mpana, na mkanda ule unashikana na tiara kubwa ya kitambaa kwa kamba za urefu wa metre 20 na zaidi. Ni sawa tiara ya watoto, lakini hii inaweza kumnyanyua mtu mzima na kumtupa mbali. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, njo waliandikisha mwaka wa 1984 tiara ya kujazwa hewa, yenye kuelea na kuweza kuruka tena ikiangukia maji. Miaka 40 kiisha, mwaka wa 2024, kaiti iliingia mara ya kwanza katika michezo ya Olimpiki ya Paris. Mashindano yenyewe yalifanyika Marseille, juu Paris haina bahari.

Sasa, kwa nini Paje? Sababu ya kwanza ni mwamba wa matumbawe. Mwamba ule unasimama mbali na ufuko sawa ukuta, mawimbi makubwa yanavunjikia huko. Kati ya mwamba na nchi kavu kunabaki maji matulivu, chini mchanga mweupe, na kwa saa nyingi za siku kina hakipiti kifua cha mtu. Mwanafunzi akianguka (na ataanguka mara nyingi) anasimama kwa miguu, anapumua, anaanza tena. Mahali penye kina kirefu angepoteza nguvu zote kwa kuogelea na kutafuta ubao.

Sababu ya pili ni njia ya upepo. Ufuko wa Paje unatazama mashariki. Kusi inavuma toka mwezi wa sita mpaka wa tisa, na kaskazi toka mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili. Zote mbili zinapiga kwa upande, zikisukuma kidogo kuelekea nchi kavu. Kwa hiyo mtu aliyeshindwa kuongoza tiara yake anarudishwa ufukoni, hapelekwi baharini. Upepo wenye kutoka nchi kavu kwenda bahari ni adui wa mwanafunzi, hata kama maji yanaonekana mazuri namna gani.

Msikilizaji wa Kalemie ao Moba anaweza kuuliza: na Tanganyika je? Upepo uko, tena wa nguvu wakati wa kiangazi. Lakini ziwa lile halina mwamba wa kuzuia mawimbi, linaingia kina haraka, na kuko sehemu zenye mamba na viboko. Mtu mwenye kujua kazi angeweza kujaribu, akiwa na mtumbwi wa injini karibu. Kwa kuanza, hapana.

Masomo yenyewe yanaanzia mchangani. Siku ya kwanza mwanafunzi hapewi ubao. Anajifunza kurusha tiara ndogo, kuishika pale juu ya kichwa penye haivuti sana, na zaidi ya yote kufyatua kifungo cha usalama ili tiara ipoteze nguvu mara moja. Kiisha anaingia maji na kukokotwa kwa tumbo bila ubao. Kusimama kunakuja nyuma. Wengi wanahitaji siku tatu ao ine, na mwenye kuruka hatua ya kifungo njo anavunjika mkono.

Kuko jambo lingine lenye picha za matangazo hazionyeshi. Maji yale mafupi ni shamba. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka wa 1989, na wengi wa wakulima ni wanawake. Wanapiga vijiti mchangani, wanatandika kamba kati ya vijiti, wanafunga vipande vya mwani, na karibu wiki sita kiisha wanavuna. Mwani unakaushwa na kuuzwa inje, unaingia katika dawa ya meno na vyakula vya viwanda. Bei yake ni ndogo, na joto la maji limeharibu sana aina ile yenye bei nzuri, wanayoiita cottonii.

Maji yakijaa, vijiti na kamba havionekani tena. Ubao wa mwanafunzi unaweza kukata kamba, na kazi ya wiki nyingi ya mama mmoja inaondoka na maji. Mwanafunzi naye anaweza kuchomwa na kijiti ao kunaswa mguu. Lawama za wakulima hapo ni za haki: wao walitangulia, na mgeni ana nafasi ya kusogea, shamba halina. Mwalimu mzuri anaonyesha mashamba wakati maji yamekauka, mbele mtu hajagusa tiara.

Mtu wa Lubumbashi anafika kwa njia ile ya wafanyabiashara: Kasumbalesa, Zambia, Tunduma, Dar es Salaam, kiisha boti ya saa mbili hivi mpaka mji wa Zanzibar, na gari mpaka Paje. Asisahau karatasi ya chanjo ya homa ya manjano. Anayetoka Kongo anaulizwa.

Na aangalie mwezi. Siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari inakauka sana karibu saa ine za asubuhi. Saa ile wamama wako shambani, na hakuna maji ya kutosha kwa ubao. Mwanafunzi anangoja mchana, maji yakirudi.