Nani Akabidhiwe Usukani?

Kijana anayeomba uafisa katika jeshi la wanamaji huwa ameshaiona picha: sare nyeupe, upanga wa gwaride, manowari ikiingia bandari ya ugenini na mabaharia wamejipanga kutoka omo hadi tezi. Picha hiyo ni ya kweli, ila ni ya siku chache tu za mwaka. Siku nyingine ni zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, ripoti za matengenezo, fomu za likizo za watu wengine, na baharia wa miaka 19 ambaye mama yake ni mgonjwa na anataka ruhusa leo hii. Haya yapo katika kila jeshi la bahari. Linalotofautiana ni jibu la swali linaloyatangulia: mtu apitie wapi kwanza kabla ya kukabidhiwa roho za wenzake?

Waingereza waliligombania swali hili katika karne ya 17. Kulikuwa na makapteni waungwana, waliopata meli kwa jina la ukoo, na kulikuwa na makapteni waliokulia melini, waliobezwa kwa jina la "turubai" kwa sababu ya nguo zao zilizopakwa lami. Wa kwanza hakuijua kamba, wa pili hakujua adabu za ikulu, na kila upande ulimwona mwenzake kuwa ndiye maangamizi ya jeshi. Samuel Pepys, katibu wa Admiralty, ofisi kuu ya jeshi hilo la wanamaji, alileta mtihani wa luteni mwaka 1677. Mtahiniwa alitakiwa awe ametimiza miaka 20, awe amekaa baharini miaka 3, na ajibu maswali ya unahodha mbele ya wazoefu. Mfalme hakukatazwa kuwapendelea wana wa marafiki zake. Alilazimika tu kuwatanguliza baharini.

Kwenye majahazi ya pwani yetu mtihani wa namna hiyo haukuhitajika, kwa sababu safari zenyewe zilikuwa mtihani. Mtoto alipanda chomboni kwa baba au mjomba, akaanza kwa kupika na kufua maji ya ngama, akapanda kwenye foromali, akashika sukani upepo ukiwa mwema, na miaka ikipita akawa serahangi, msimamizi wa mabaharia. Waliofika unahodha walikuwa wameijua rangi ya maji juu ya mwamba na dalili za kaskazi inapoanza kulegea. Kama chombo kilikuwa cha safari ndefu, alikuwepo pia mwalimu, mjuzi wa nyota na masafa. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika chombo cha Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, wakashuka hadi Unguja na delta ya Rufiji kufuata boriti. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1940 anatuonyesha nahodha aliyeendesha mambo yake kwenye sitaha ya tezi, mbele ya macho ya watu wote. Akikosea, hata mpishi alijua.

Mtu ataniambia kwamba jahazi si manowari. Ni kweli, lakini Zanzibar ya Sultani Sayyid Said haikuvitenganisha viwili hivyo kwa ukali. Meli yake *Sultana* ilikuwa na mizinga, na mwaka 1840 ilitia nanga New York ikiwa na bidhaa za kuuza na zawadi kwa Rais wa Marekani. Mkuu wake, Ahmad bin Na'aman, alikuwa balozi, mfanyabiashara na msimamizi wa chombo kwa pamoja. Jeshi la Wanamaji la Marekani liliitengeneza upya meli hiyo bila malipo kabla haijarudi. Afisa wa leo anayepelekwa kunywa chai na meya wa mji wa kigeni akiwa hajalala vizuri usiku uliopita anafanya kazi ileile ya Ahmad, isipokuwa haruhusiwi kuuza karafuu.

Fedha nazo zinaeleza mengi. Jahazini hapakuwa na mshahara. Gharama zilitolewa, chombo kikachukua fungu lake, mabaharia wakagawana kilichobaki kwa mafungu kulingana na kazi. Nahodha aliyechelewesha safari aliwapunguzia watu riziki, nao walimwambia. Manowari za Waingereza nazo ziligawana mafungu ya nyara kwa muda mrefu, lakini tazama mgawo wenyewe: hadi mwaka 1808 kapteni alichukua sehemu 3 kati ya 8 za thamani ya meli iliyotekwa, akitoa moja kwa admirali aliyekuwa juu yake, na mabaharia wa kawaida, mamia yao, wakagawana sehemu 2. Kwa mgawo huo, vita vilikuwa biashara ya kapteni zaidi kuliko ya baharia. Afisa wa sasa analipwa mshahara uleule bahari ikichafuka au ikitulia. Kwa maoni yangu hilo limemwondolea tamaa moja mbaya, lakini limemwondolea pia sababu ya kusikiliza manung'uniko ya watu wa chini, na ndiyo maana majeshi mengi yamelazimika kuandika katika kanuni kwamba afisa awajue watu wake na shida zao.

Chakula hakitofautiani sana na fedha. Nahodha wa jahazi alikula tezi pamoja na wageni wake, mbele ya wote. Kapteni wa manowari kubwa ya Uingereza kwa desturi hula peke yake. Chumba cha kulia cha maafisa wake mwenyewe huingia kwa kualikwa. Wanaoitetea desturi hiyo husema upweke humsaidia kuamua bila upendeleo. Huenda. Kuna usiku mmoja unaonitia shaka.

Tarehe 17 Juni 2017, saa saba na nusu usiku, manowari ya Marekani *Fitzgerald* iligongana na meli ya makontena karibu na pwani ya Japani. Mabaharia 7 walikufa. Kapteni alikuwa amelala chumbani mwake. Amri zake zilimtaka afisa wa zamu amwamshe meli nyingine ikikaribia mno, naye hakuitwa. Agosti hiyohiyo *John S. McCain* iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, wakafa 10, baada ya watu wa zamu kuchanganyikiwa juu ya nani hasa alikuwa ameshika usukani kwenye skrini za kugusa. Uchunguzi ulikuta uchovu, mafunzo hafifu, na maafisa ambao hawakuijua mitambo yao.

Hapo mila ya Marekani inaonyesha upande wake dhaifu. Mwingereza huwagawa maafisa mapema: huyu wa daraja la kuongozea meli, huyu wa injini. Mmarekani humtaka afisa mmoja azunguke kote, leo injini, kesho silaha, keshokutwa zamu ya daraja. Ni wazo zuri likiwa na muda wa kutosha. Lakini mwaka 2003, ili kubana matumizi, kozi ya Newport iliyowafunza maafisa wapya kwa miezi kabla ya kwenda melini ilifutwa, wakapewa santuri za kompyuta wajisomee wakiwa kazini. Mtoto wa jahazi naye alijifunzia kazini, lakini pembeni yake alikuwepo mjomba asiye na shughuli nyingine ila kumtazama. Luteni wa Marekani pembeni yake alikuwa na luteni mwenzake aliyechoka vilevile. Baada ya 2017 kozi zilirefushwa, vikawekwa vitabu vya kurekodi saa za zamu na mitihani kabla ya kuaminiwa daraja, ratiba zikapangwa kufuata mzunguko wa usingizi wa mwili, na vishikio vya kawaida vikaanza kurudishwa mahali pa skrini. Pepys angeielewa orodha hiyo.

Wachina wana njia nyingine, ya kuugawa uongozi wenyewe: kila meli kubwa ina kamanda na kamishna wa siasa, wenye hadhi sawa. Tanzania, iliyojengewa kituo cha wanamaji Kigamboni kwa msaada wa China, nayo ilikuwa na chama ndani ya jeshi hadi vyama vingi vilipoingia mwaka 1992. Kenya ilifuata Uingereza. Jeshi lake la wanamaji lilizinduliwa tarehe 12 Desemba 1964, na kituo chake kiko Mtongwe, Mombasa.

Pamoja na tofauti hizo, majirani hawa wawili wanafanana kwa jambo moja: afisa wao wa bahari huanzia bara. Wa Kenya hupita Lanet, karibu na Nakuru, na wa Tanzania hupita Monduli, chini ya milima ya Arusha. Wa Kenya hata vyeo vyake ni vya nchi kavu, meja na kanali, na Joseph Kibwana na Samson Mwathethe, wote wa wanamaji, walifika hadi kuongoza majeshi yote ya nchi wakiitwa jenerali. Faida yake ni kwamba afisa huyo huelewana vizuri na askari wa miguu, na mwaka 2012 Wakenya walipoivamia Kismayu, Somalia, kutokea baharini uelewano huo ulihitajika.

Hasara yake huonekana siku ya kwanza ndani ya chombo. Luteni usu mwenye kamisheni mpya hupigiwa saluti na sajini mwenye miaka 20 baharini, pengine mtoto wa wavuvi wa Lamu au Mafia, ambaye jahazini angekuwa serahangi na huyu kijana angekuwa mfua ngama wake. Sajini anaijua mikondo ya mlango wa bandari, naye atamwita "afande" bila kinyongo. Akiulizwa, atasema anachokijua. Asipoulizwa, atapokea amri na kuitekeleza.